Babu alikuwa nesi wa vita: tulivyofuatilia kazi yake na medali zake

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu habari za asubuhi. Nimeitwa niongee kwa sababu leo ni tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, na walionialika walisikia kwamba kwetu tumekuwa tunafuatilia habari za babu yetu aliyekuwa muuguzi jeshini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. (Haya niliyaandika baadaye kwa kufuata nilivyoongea ukumbini, nimeongeza vitu ambavyo muda ulininyima, na mwishoni nimeweka maswali mawili ya watu.)

Ukipita pale Posta Dar es Salaam unaiona sanamu ya Askari, imesimama tangu 1927, bunduki yenye singe mkononi. Nairobi nao wana ya kwao, wako watatu: askari, mchukuzi wa mizigo, na mpiga bunduki wa Kiarabu. Zote hizo zilijengwa kwa ajili ya Vita ya Kwanza na ni vizuri zipo. Ila muuguzi hayumo, hakuna mtu aliyeshika bandeji wala machela, na mimi naona hilo limeingia hadi majumbani kwetu, kwa sababu ukiuliza familia nyingi babu alifanya nini vitani utaambiwa "alikuwa Keya", basi, mazungumzo yameisha hapo.

Sasa Keya ni King's African Rifles, kwa kifupi KAR, na hao ni askari wa bunduki. Kwa watu wa kizazi kile neno hilo lilitumika kwa jeshi lote, awe dereva, awe mpishi, awe fundi simu, wote Keya. Ndiyo maana mtu anatafuta jina la babu yake kwenye mabatalioni ya KAR anakosa, anakata tamaa, kumbe mzee alikuwa kwenye kikosi kingine kabisa. Wauguzi wa Kiafrika walikuwa chini ya East African Army Medical Corps, kwa kifupi EAAMC, yaani kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki. Humo ndimo walimokuwa madresa, yaani wafunga vidonda, wahudumu wa wodi, wabeba machela, na wale wa usafi wa kambi waliokuwa wanachimba vyoo na kumwaga mafuta kwenye madimbwi ili mbu wasizaliane. Wakati ule masista wa jeshi, yaani manesi wa kike, walikuwa wanawake wa Kizungu, na kazi ya uuguzi kwa Waafrika jeshini ilikuwa ya wanaume. Kwa hiyo kaka zangu mlioko humu mnaotaniwa kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake, babu zenu wa kazi walishaifanya porini huku mabomu yanalia.

Kwetu Tukuyu vilibaki vitu vichache. Mkebe wa biskuti wenye medali tatu, picha moja, na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo karatasi imekatika. Na bibi, ambaye alikuwa hai na akili zake timamu tulipoanza kuuliza.

Nizungumzie medali kwanza maana watu wengi mnazo nyumbani na hamjui zinasema nini. Medali mbili za babu ni nyota, zina ncha sita, rangi ya shaba ya manjano, katikati kuna herufi za Mfalme George wa Sita na taji juu yake. Zinafanana sana, ukizitazama haraka utadhani mtu kapewa kitu kimoja mara mbili, mpaka usome maandishi yaliyozunguka katikati: moja ni 1939-1945 Star na nyingine ni Burma Star. Ya tatu ni ya mviringo, rangi kama ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme na upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hiyo ni War Medal.

Kila moja ilikuwa na masharti yake, na masharti ndiyo habari yenyewe. War Medal ilitaka siku 28 tu za utumishi popote pale, kwa hiyo haikuambii mengi zaidi ya kwamba mtu alikuwa jeshini. 1939-1945 Star kwa askari wa nchi kavu ilitaka miezi sita kwenye eneo la mapigano. Burma Star ilitolewa kwa waliofika Burma yenyewe, ambayo sasa ni Myanmar, kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, au maeneo fulani ya India upande wa Bengal na Assam kwa tarehe zilizopangwa. Na kuna nyota ambayo babu hana, Africa Star. Hiyo ilikuwa inawahusu pia waliopigana na Waitaliano Ethiopia na Somalia kuanzia Juni 1940 mpaka Novemba 1941. Kukosekana kwake ndani ya mkebe kulitusaidia sana, tukajua kwamba uwezekano mkubwa ni kuwa kampeni ile ya Abisinia, yaani Ethiopia, hakuwepo, kaja nyuma yake, na hesabu za bibi kuhusu mwaka aliochukuliwa zikakaa sawa.

Utepe nao usiutupe hata ukichakaa. Utepe wa Burma Star una mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokoza pande zote mbili, na kila upande wa buluu umepasuliwa na mstari wa rangi ya chungwa. Nimekuta familia zimebaki na utepe mtupu, medali ilishachukuliwa na watoto wakachezea, na utepe ule ule umetosha kujua mzee alikwenda wapi.

Lakini geuza medali utazame ukingo wake. Medali za Vita ya Kwanza za Waingereza zilichongwa ukingoni namba ya mtu, cheo, jina na kikosi. Hizi za Vita ya Pili walizotoa Uingereza hazina kitu. Tupu. Wahindi, Waafrika Kusini na Waaustralia zao zilichongwa majina, zetu zilikuja bila jina kama za Waingereza wenyewe. Maana yake medali ya babu yako ikitoka nje ya nyumba, ikaingia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au kwa wale wanaozunguka vijijini kutafuta vitu vya zamani, haitarudi kuwa ya babu yako tena, hakuna mtu duniani atakayeweza kuitambua. Mimi hili linaniuma sana na ndiyo sababu kubwa nimekubali kuja hapa. Leo jioni ukifika nyumbani chukua karatasi andika jina kamili la mzee, baba yake ni nani, kijiji, nani alikuwa anazitunza na kazipata kwa nani, weka karatasi ndani ya mkebe pamoja na medali.

Picha ndiyo iliyotuonyesha divisheni, yaani lile kundi kubwa la jeshi alilokuwamo. Babu amesimama na wenzake wawili, kofia pana, na begani kuna kiraka chenye kichwa cha kifaru. Kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon ambayo sasa ni Sri Lanka, halafu katikati ya 1944 ikaingia Burma. Kwa hiyo tukajua njia aliyopita hata kabla hatujafungua jalada lolote. Na cheti, pale kwenye sehemu ya kikosi ambapo karatasi haikukatika, zinasomeka herufi E.A.A.M.C. Hapo ndipo tulipojua alikuwa wa tiba na sio Keya wa bunduki.

Ila mambo makubwa alitupa bibi. Bibi alikuwa anasema kitu ambacho watoto wake walikichukulia kama hadithi za wazee: "Babu yenu alirudi wa njano." Njano namna gani bibi? "Ngozi. Na macho. Nikadhani kalogwa huko." Sasa ninyi wauguzi mnaweza mkawa mmeshafikiria ini. Kumbe askari wote wa Jeshi la 14, jeshi lile la Jenerali William Slim lililopigana Burma, walikuwa wanapewa kila siku kidonge cha mepakrini kuzuia malaria kwa sababu kwinini ilikuwa imeadimika, Wajapani walishaiteka Java ambako miti yake ilikuwa inalimwa. Mepakrini ni kidonge cha njano na ukikitumia muda mrefu ngozi inageuka njano. Bibi hakuwahi kusikia jina la dawa hiyo. Alichoshuhudia kwa macho yake kinaingia sawasawa kabisa na historia ya tiba ya vita ile, na kama tungeendelea kumwambia "bibi umechanganya" tungeipoteza.

Naomba nikae hapa kwenye magonjwa kidogo kwa sababu ndipo uuguzi wenyewe ulipo. Slim mwenyewe alieleza kwamba mwaka 1943 kwa kila askari 1 aliyeondolewa kwa majeraha walikuwa wanaondolewa 120 kwa ugonjwa. Hebu fikirieni, 120 kwa 1. Malaria peke yake kiwango chake kwa mwaka kilifika asilimia 84 ya jeshi lote. Ndiyo maana akafika mahali akawafukuza kazi makamanda watatu ambao askari wao walikuwa hawamezi vidonge. Jeshi lile lilikuwa linakufa kwa mbu, kuhara na homa, na mtu wa kwanza kusimama kati ya askari na kifo alikuwa dresa mwenye kopo la vidonge anayehakikisha umemeza mbele yake.

Divisheni ya 11 ilipewa bonde la Kabaw, wakati wa masika ya kule, mvua zile za monsuni. Agosti 1944 waliingia mji mdogo wa Tamu wakakuta maiti za Wajapani kwa mamia hazijazikwa, na wagonjwa wao wameachwa hapo hapo wanakata roho. Kabla ya kitu kingine chochote pale ilikuwa ni kazi ya watu wa tiba na usafi, kuzika, kuchoma, kusafisha maji. Halafu wakashuka na bonde, tope mpaka kiunoni sehemu nyingine, mpaka mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin, na pale likajengwa daraja la vyuma la kuunganisha, futi 1,154, ambalo kwa wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Daraja linatajwa kwenye vitabu. Watu waliobebwa kwenye machela kurudi nyuma kwenye njia ile ile ya tope hawatajwi sana.

Na kulikuwa na homa moja mbaya kule, taifasi ya msituni inayoletwa na utitiri, vile vidudu vidogo vya kwenye nyasi ambavyo huvioni kwa macho. Wakati ule haikuwa na dawa yake, dawa iliyoiweza ilijulikana baada ya vita. Kwa hiyo daktari alikuwa anagundua ugonjwa, anaandika, anaondoka, na kilichobaki ni uuguzi mtupu: kumpangusa mgonjwa kwa maji, kumnywesha kijiko kwa kijiko kwa siku nyingi, kumgeuza asipate vidonda, kumshika akiweweseka asiinuke kukimbia. Anayepona kapona kwa mkono wa muuguzi. Ninyi mnaojua kulaza mgonjwa wa homa kali wodini mnanielewa, sasa fanya hivyo ndani ya hema linalovuja.

Bibi alitusimulia kwamba babu aliporudi kijijini watu walianza kumfuata na vidonda vyao. Alikuwa na kiboksi cha chuma anachemshia sindano za kioo, anazifunga kwenye kitambaa cheupe, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa hata kama kimepoa. Kila jioni alikuwa anawapanga watoto anawatazama miguu mmoja mmoja, vidole, katikati ya vidole. Shangazi zangu wanakumbuka hiyo kama ukali wa mzee. Mimi baada ya kusoma habari za miguu ya askari iliyooza kwa kukaa ndani ya buti zenye maji naiona kwa namna nyingine kabisa.

Sasa habari za nyaraka, maana najua wapo wanaotaka kuanza. Kule Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, shajara za vita za vitengo vya tiba zimewekwa kwenye mfululizo unaoitwa WO 177. Shajara ya vita ni daftari la kila siku la kitengo: leo tumehamia wapi, wagonjwa wangapi wamepokelewa, wangapi wamesafirishwa kwa ndege, mvua imekata barabara. Nyingi hazijawekwa mtandaoni, inabidi mtu aende au alipie nakala, kwa hiyo kama una ndugu Uingereza ndiyo wakati wa kumtumia. Binamu yangu anaishi huko, alikwenda akatupigia picha kurasa akatuma kwenye grupu la familia, usiku ule hakuna aliyelala.

Ila nisiwafiche, majina ya Waafrika humo ni nadra. Maofisa wanatajwa, askari wa kawaida ni idadi tu. Majina yanapatikana zaidi kwa waliopewa nishani za ushujaa, mapendekezo yake yako WO 373 na unaweza kutafuta jina mtandaoni bure, humo wamo wabeba machela waliopata Military Medal kwa kutoa majeruhi chini ya risasi. Kwa waliofariki kuna Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nayo kutafuta ni bure. Waliofia Burma wengine wako makaburi ya Taukkyan, pale kuna ukumbusho wa Rangoon wenye majina karibu 27,000. Na waliozama na meli ya Khedive Ismail, Februari 12, 1944, meli iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikapigwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives ikazama kwa dakika mbili hivi, watu 1,297 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki na pamoja nao masista wa jeshi zaidi ya 50 walikuwemo ndani, wale wapiga mizinga majina yao yako makaburi ya vita ya Nairobi. Kama kwenu kuna mzee alipanda meli Mombasa mwaka ule hakurudi na hamkuletewa habari yoyote inayoeleweka, anzeni hapo.

Hapa nyumbani nendeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, majalada ya wilaya ya enzi ya mkoloni yana barua za malipo ya familia za askari na mambo ya kuwarudisha makwao. Pia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, msome gazeti la Mambo Leo la miaka ile. Na kule kule Asia askari wetu walikuwa na gazeti lao la Kiswahili likiitwa Heshima.

Mkitafuta jina, tafuteni jina la ujana. Karani alikuwa anaandika anavyosikia, Mwakalinga anakuwa Makalinga, na mara nyingi wameandika jina la mtu na la baba yake tu, jina la ukoo halimo. Namba ya jeshi ndiyo haibadiliki, iandikeni nzima pamoja na herufi zake.

Niseme na hili, askari wetu walilipwa pungufu kuliko Wazungu waliokuwa nao kwenye mstari ule ule, na hata bahashishi ya mwisho wa vita ilipangwa kwa rangi. Takriban Watanganyika 87,000 walikwenda jeshini. Medali zilifanana, pesa hazikufanana. Bibi alikuwa anasema babu hakuzivaa hata siku moja, na akiulizwa anasema zitashika kutu shambani. Sijui moyoni alikuwa na nini, siwezi kumsemea, ila hakuzitupa.

Maswali sasa. Dada mmoja wa hospitali ya wilaya aliuliza kama azisugue medali za baba mkwe wake kwa majivu na limau zing'ae kwa ajili ya picha ya familia. Dada yangu, usisugue, kila unaposugua unakula maandishi. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, usiweke kwenye nailoni, funga kwa karatasi isiyo na maandishi au kitambaa cha pamba, weka mahali pasipo na unyevu. Picha piga hivyo hivyo zilivyo, piga na ukingo, piga na nyuma.

Mzee mmoja wa nyuma kule aliuliza yeye hana medali, hana picha, ana jina la baba yake tu na anachokumbuka ni kwamba mzee alikuwa akiamka usiku anaita "maji, leteni maji". Afanyeje? Tulikaa naye baada ya hotuba. Tulianza na kijiji alichozaliwa baba yake, mwaka wa mavuno aliokumbuka mama yake kwamba mume kachukuliwa, na jina la rafiki wa baba aliyekwenda naye, maana mara nyingi waliandikishwa pamoja siku moja na namba zao zinakaribiana. Rafiki yule ana watoto Mbalizi. Mzee ameshapata namba ya simu ya mmoja wao, wiki ijayo anakwenda kuwaona, na ameniomba nimwandikie kwenye daftari maswali ya kuuliza, nimemwandikia.